Malaika Wasio na Wimbo

Nitasema mapema ili tusisumbuane: opera yangu ni nzuri. Sijipigi kifua. Nasema kwa sababu tangu Jumapili ile ya Ruiru watu wananijia na nyuso za huruma, wananishika mkono na kuniambia pole, Mwalimu Wavinya, tumesikia vile watu walikuharibia onyesho. Hakuna aliyeniharibia kitu. Kwa vile naona habari imefika Thika ikiwa imepinda, wacha niinyooshe mwenyewe.

Opera, kwa asiyejua, ni mchezo ambao watu hawasemi, wanaimba. Hata mtu akitaka chumvi anaiomba kwa wimbo. Siku nilipoieleza hivyo kwaya yangu ya kanisa la mtaa wa Landless, hapa Thika, Njau, ambaye ni sauti yetu nzito kuliko zote, alisimama akaimba akiomba chai na mandazi mawili. Nilimwacha mpaka akafika mwisho, nikamwambia amekosea noti ya tatu, kisha tukaendelea na kazi.

Shairi nililolifanyia opera hiyo ni la kale, la enzi za kati huko Ulaya, na liliandikwa na mtawa ambaye hata jina lake halikubaki. Nililikuta nikiwa mwanafunzi wa muziki, katika kitabu kilichochakaa cha maktaba, likanikaa kichwani miaka yote hiyo. Linasimulia siku Hawa alipomkuta mwanawe Habili amelala shambani. Sasa fikiria vizuri. Duniani hakuna mtu aliyewahi kufa. Hakuna jeneza, hakuna kaburi, hata neno lenyewe halipo. Hawa anamgombeza mwanawe kwa uvivu. Anamfukuzia nzi. Anamletea uji, na uji unamteremka kidevuni. Anamwita Adamu, na Adamu naye hajui chochote, amesimama tu na jembe lake. Malaika wamewazunguka pande zote, wanatazama, lakini tangu waumbwe wameimba sifa tu, na kwa jambo hili hawana wimbo. Kwa hiyo Hawa anaomboleza ubeti baada ya ubeti, na mbingu nzima iko kimya. Akishamaliza ndipo malaika wanapata wimbo wa kwanza wa msiba, wanauokota kutoka kinywani mwake.

Mtawa huyo alikuwa na kichwa kizuri. Ningependa kunywa chai naye.

Maneno ya Kiswahili nilimwomba Abdulnasir, mwalimu wa Kiswahili aliyezaliwa Majengo, mtu wa beti tangu utotoni. Nilimpa tafsiri ya Kiingereza akaishika kwa ncha za vidole.

"Madam, mimi ni Muislamu. Niandikie watu wa kanisa?"

"Kwani Hawa ni mama ya watu wa kanisa peke yao?"

"Hapo umenishika," akasema, akaenda zake. Aliporudi alikuwa na utenzi mzima, mizani minane kila mstari, na Hawa wa Abdulnasir alikuwa mama wa hapa hapa kwetu:

*Amka mwanangu ule,*
*jua limefika kule,*
*baba yuko shamba lile,*
*wewe ungali walala.*

Niliusoma nikiwa nimesimama jikoni, nikalazimika kuketi. Sina aibu kusema kwamba nililia. Kisha nikajifuta, nikatafuta kalamu, nikaanza kuandika muziki, na nilipofika kwenye maombolezo nilijua kabisa ninachotaka. Sauti moja. Bila kibodi, bila ngoma, bila kwaya. Malaika wasimame wanyamaze mpaka Hawa afike mwisho wa kilio chake.

Sauti hiyo moja ilikuwa ya Mbula. Mbula hushona sare za shule pale Kiganjo, na Mungu amempa koo ambalo wenzake waliosoma muziki wangeomba likizo bila malipo ili walipate. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza. Badala yake alinijia mwenyewe baada ya ibada, akaniita kando nje ya ukumbi.

"Mwalimu, hiyo part ya Hawa nataka mimi."

"Ni yako tangu zamani."

"Lakini kuna kitu nataka uniahidi. Pale analia, mtu asiingie. Hata kama nitaharibu. Nataka nimalize."

Nilijua anasema nini. Mwaka uliotangulia Mbula alimzika mwanawe, Kyengo, mtoto wa miaka minne aliyeondoka kwa homa ya mapafu. Kaburi liko Kalimoni, kwenye shamba la babu yake. Baada ya mazishi hayo majirani wa ploti waliokuwa wakimwita Mama Kyengo waliogopa kulitaja jina, wakarudi kumwita Mbula, eti wasimkumbushe. Eti alikuwa amesahau.

"Siku ile sikulia, Mwalimu," akaniambia. "Watu wanafikiri nililia. Nilianza tu. Nikifungua mdomo, wakaimba. Nikinyamaza, wananyamaza. Nikijaribu tena, wanaimba tena, kwa nguvu zaidi. Mpaka mchanga ukaisha. Tangu hiyo siku kimekwama hapa." Akajigusa chini ya shingo. "Nyumbani nikijaribu hakitoki. Najua kwa hii opera kitatoka."

Nikamwahidi. Mimi nikiahidi kitu nimeahidi, hata wanafunzi wangu wa darasa la saba wanajua hivyo.

Ukiwahi kuzika mtu huku kwetu, unaelewa Mbula alikuwa anasema nini. Jeneza likianza kushuka, mwenye kufiwa akapiga ukemi, hatumwachi. Kuna mama mmoja kwenye umati mwenye sauti, yeye huanzisha wimbo pale pale, na kabla mstari wa kwanza haujaisha watu wote wameudaka kwa sauti zote nne. Kilio kinamezwa na wimbo. Hakuna anayekupa ishara, hakuna anayekufundisha, unajikuta tu unaimba. Tunafanya hivyo kwa upendo, na aliyewahi kufiwa huwashukuru watu kwa kumwimbia.

Na yule mama mwenye sauti, kuanzia Kiganjo mpaka Kalimoni, ni Syokau. Watu wakipata msiba huuliza kwanza kama Syokau atakuwepo, ndipo waulize habari ya hema. Ni mwimbaji wangu wa alto, nguzo ya mstari wa nyuma, na nilikuwa nimemfanya malaika mkuu. Ni mama mzazi wa Mbula. Siku ile Kalimoni ndiye aliyeanzisha.

Tulikuwa tukifanya mazoezi Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa kanisa, chini ya mabati, Jeconia akiwa kwenye kibodi. Mara ya kwanza tulipofika kwenye maombolezo, Mbula alisimama katikati, akafunga macho, akaanza. Ubeti wa kwanza ulitoka safi. Wa pili ukatoka na mtetemo ambao sikuuandika mimi. Kwenye wa tatu sauti yake ilipanda ikapasuka kidogo, na pale pale nyuma yangu kwaya nzima ikaingia na wimbo wa mazishi. Sauti nne, zimepangwa vizuri kuliko chochote nilichowahi kuwafundisha.

Nilipiga kwa fimbo ya kuongozea kile kinara cha noti, kinachoshika karatasi zangu, mpaka kikaanguka.

"Nani amewaambia muingie?"

Wakatazamana. Njau akakuna kichwa. "Madam, haki hata mimi sijui. Nimesikia imeanza, nikashika bass."

Nilifikiri wamehesabu vibaya. Nikaenda ubaoni nikawachorea vipimo vyote vya kunyamaza, nikawaonyesha mahali wanapoingia, baada ya Hawa kumaliza, wala si sekunde moja kabla. Wakaitikia kwa heshima. Tukarudia. Ubeti wa tatu, sauti ikapasuka, wakaingia tena. Jeconia alikuwa anawafuata kwa kibodi, ameshapata ufunguo wa wimbo.

"Wewe pia!"

"Sorry, Madam. Mikono imeenda yenyewe."

Mara ya tatu niliwapa mgongo Hawa na Adamu, nikatazama midomo ya kwaya. Ndipo nilipoona. Wote walikuwa wamefunga midomo, wanajikaza, mpaka Mbula alipofika pale pa kupasuka, na Syokau akafungua mdomo wake taratibu na kwa hakika, kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Nikaanza kuwafundisha kunyamaza. Mnacheka, lakini ni kazi ngumu. Niliwasimamisha mstari, Mbula akaimba, nao kazi yao ikawa kutofanya kitu. Mmoja alikohoa. Mwingine alivumisha wimbo puani bila kujua. Ndanu, ambaye ni soprano na mdomo wake hauna likizo, aliinua mkono.

"Madam, mimi natoka Kiganjo na boda nikuje hapa kunyamaza? Si hata kwangu naweza kunyamaza?"

"Kwako hujawahi," Njau akamjibu, na mazoezi ya siku hiyo yakaishia hapo.

Abdulnasir, aliyekuwa amekuja kusikiliza beti zake, alinifuata nikikunja makaratasi. Akapendekeza niwaandikie mvumo mdogo, mm-mm tu, chini ya sauti ya Mbula, ili kila mtu aridhike. Nilimwambia yeye ni mtu wa beti na abaki kwenye beti. Alicheka, lakini aliona kwamba sikuwa nacheka. Ningeweza kumtoa Syokau kwenye kwaya, nilifikiria hilo pia. Nikaliacha. Bila alto yake malaika wangu wangekuwa malaika wa kununua dukani, na isitoshe, mtu huwezi kumfukuza mama kwenye kilio cha mtoto wake.

Jumamosi iliyofuata nilimwambia mbele ya wote, kwa heshima zote, "Mama Mbula, ni wewe unaanzisha. Naomba usianzishe."

Alinitazama kwa utulivu. Ni mwanamke mrefu, anavaa kitambaa cheupe kichwani na hukifunga vizuri hata akienda kuteka maji.

"Mwalimu, wewe umesoma, na mimi nakuheshimu. Lakini niambie. Msichana wa watu analia hapo mbele, mtoto wake amelala chini. Sisi ni watu wazima. Tusimame tu tumwangalie kama ng'ombe? Hiyo ni aibu. Hata kama ni mchezo."

"Ndivyo shairi linavyosema. Malaika hawana wimbo."

"Basi hao malaika hawajui kazi. Mimi nina wimbo."

Kwaya ilicheka, na mimi hasira zikanipanda mpaka masikioni. Kabla sijajibu, Mbula alizungumza kutoka katikati ya ukumbi. Hakupaza sauti.

"Mami, ni wewe ulianzisha hata ya Kyengo."

Kicheko kilikatika. Jina hilo halikuwa limetajwa mbele yetu tangu mazishi.

"Ulikuwa unataka kujitupa kwa kaburi, Mbula. Ningefanya nini?"

"Ungeniacha nilie."

"Na mtu hulia mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho. Mimi sijui mwisho iko wapi, Mami, kwa sababu hamkuniacha nifike. Kila siku mnaniambia nimejikaza, nimekuwa strong. Sikujikaza. Mliniimbia juu. Wewe ulinishika mkono na ukaniimbia juu."

Syokau akachukua mkoba wake kwenye kiti, akatoka nje, na tukamsikia akiongea na mtu wa boda kwa sauti ya kawaida kabisa, wakielewana bei.

Sitasema uongo, niliogopa. Si kwa ajili ya opera, opera ningeiokoa hata na kwaya ya mbuzi. Niliogopa kwamba nimechokonoa mama na mtoto, na kwamba sasa watapika katika jiko moja bila kuzungumza, maana walikuwa wanaishi pamoja. Mbula aliniambia tuendelee. Tukaendelea, na bila Syokau kwaya ilinyamaza kabisa, ila Mbula naye aliishia ubeti wa nne. Alisema koo limekauka.

Jumamosi ya mwisho kabla ya onyesho Syokau alirudi. Aliingia tumeshaanza, akasimama mahali pake, akaimba sehemu zake zote bila kukosa noti. Tulipofika kwenye maombolezo nilimtazama yeye tu. Midomo yake ilibaki imefungwa. Mikono yake ilishika sketi pande zote mbili na kuikunja. Mbula aliimba mpaka ubeti wa sita, sauti ikamkatikia hapo, akasema amechoka, tutamalizia Ruiru. Yeye na mama yake wakaondoka pamoja, mmoja mbele, mmoja nyuma.

Ukumbi tuliopata Ruiru ni wa shule, mkubwa, una jukwaa la saruji na madirisha yasiyofunguka. Tulianza saa tisa alasiri, baada ya ibada, na watu walikuja na nguo zao za kanisani, akina mama na vitenge na kofia, wazee na makoti, watoto wakiwa na mifuko ya njugu. Wengi hawakujua opera ni nini. Walikuwa wameambiwa kuna kwaya kutoka Thika inaigiza Biblia, na hilo likawatosha. Abdulnasir alikaa mstari wa pili na mke wake Zahra, amevaa kanzu iliyonyooshwa, anatikisa goti.

Na ilikwenda vizuri! Wacha niseme, ilikwenda vizuri kupita matarajio yangu, na matarajio yangu huwa si madogo. Njau alikuwa Adamu mwenye kutembea kama mtu aliyefukuzwa ploti. Malaika waliimba sifa za mwanzo mpaka mabati yakatetema. Watu walicheka Hawa alipomgombeza Habili, kijana wa kwaya aliyelala jukwaani, kwa uvivu, kwa sababu kila mama pale alikuwa amewahi kumwamsha kijana wake hivyo hivyo. Uji ulipomwagika kidevuni, kicheko kikapungua. Hawa alipomgusa mwanawe, akanusa mkono wake na kuurudisha nyuma, kikaisha.

Nilishusha fimbo. Jeconia akaondoa mikono kwenye kibodi na kuikalia, kama tulivyokubaliana. Mbula akaanza.

Sijui niwaelezeje. Nilikuwa nimeisikia sauti ile miaka mingi, kwenye harusi, kwenye mashindano, na kumbe sikuwa nimeisikia. Aliimba ubeti wa kwanza kama anayeuliza swali. Wa pili aliuliza kwa nguvu. Wa tatu, pale pa kupasuka, ilipasuka, na kwaya yangu ikasimama imara. Syokau alikuwa hatua chache nyuma ya binti yake, amekunja sketi mikononi, ametazama mbele. Wa nne. Wa tano. Nilikuwa nalia na sikujali. Mbula akapiga magoti, akakiinua kichwa cha Habili, akaanza wa sita, na kwenye mstari wa pili akapiga ukemi ambao haukuwa wangu wala wa Abdulnasir wala wa yule mtawa. Ulikuwa wa Mbula.

Na nyuma yangu, kutoka kwenye viti, mama mmoja akaanzisha wimbo.

Kabla sijageuka ulikuwa umeshadakwa. Mstari wa mbele, wa nyuma, wazee, hata watoto. Ukumbi mzima ulisimama na kuimba, sauti nne, na kofia zikaanza kuyumba. Hawakuwa wanatudharau. Walimwona mwanamke amepiga magoti juu ya maiti ya mwanawe, hakuna anayemsaidia, malaika wamesimama tu kama wageni, nao wakafanya kile mtu yeyote aliyelelewa vizuri angefanya. Nilijua hivyo, na bado ningeweza kumrushia mtu kinara cha noti. Niligeuka nikainua mikono yote miwili. Hakuna aliyenitazama. Baadhi walidhani ninawaongoza, wakapandisha sauti.

Mbula aliendelea kidogo. Niliona mdomo wake ukienda, sikusikia kitu. Kisha mdomo ukafunga. Akabaki amekishika kile kichwa, na uso wake ukawa ule uso niliouona Kalimoni, mkavu, uliofungwa. Niliona kitu kikimrudi chini ya shingo na kukaa mahali pake pa kila siku, na nikasema moyoni, Wavinya, uliahidi, na umeshindwa.

Syokau akatoka kwenye mstari wa malaika.

Alitembea mbele polepole, akampita binti yake bila kumgusa, akafika ukingoni mwa jukwaa. Hakuinua mikono. Alisimama tu pale na kile kitambaa chake cheupe, akawatazama akina mama wa mstari wa mbele, mmoja mmoja, machoni. Wale waliotazamwa walinyamaza. Waliokuwa nyuma yao wakasikia pengo, wakapunguza. Wimbo ukashuka, ukashuka, mpaka ukabaki na mzee mmoja pembeni asiyesikia vizuri, na mkewe akamvuta koti.

"Akina mama, asanteni," Syokau alisema. Alisema, hakuimba, ndiyo maneno pekee yaliyosemwa katika opera yangu yote. "Mmefanya vizuri. Hata mimi ningefanya hivyo. Lakini huyu ni wangu. Naomba mumwache amalize."

Akageuka, akarudi mpaka alipokuwa Mbula, akaketi chini kwenye saruji karibu naye, miguu ameinyoosha mbele, vile akina mama huketi kwenye matanga.

Mbula alimtazama. Ilichukua muda, na mimi sikuwa na haraka tena. Kisha akaanza ubeti wa sita upya, kwa sauti ndogo, nao ukafunguka. Wa saba. Wa nane. Hakuimba vizuri, jamani, kama ni mashindano ningemkata alama. Alikohoa, alikosa pumzi, makamasi yalimtoka, alirudia mstari mmoja mara kadhaa kama aliyesahau uliofuata. Mahali pa jina la Habili aliliita jina la Kyengo, akaliita tena, na hakuna mtu aliyeshtuka. Watu wa Ruiru walisimama wima, mikono kifuani, na niliona jinsi ilivyowagharimu. Mama mmoja alikuwa ameshika mdomo wake kwa mikono yote miwili ili usianze wenyewe.

Akafika ubeti wa mwisho:

*Nimekuita, mwanangu,*
*kwa sauti yote yangu;*
*hunijibu. Mola wangu,*
*huku tena si kulala.*

Na kilio kikaisha. Hakuzimika wala hakushindwa. Alimaliza, akavuta pumzi ndefu, akaituliza, akakiweka chini kile kichwa taratibu kama anayemlaza mtoto. Uso wake ulikuwa umelowa na umechoka, lakini ulikuwa wazi. Nilimtambua Mbula niliyemfahamu kabla ya Kalimoni, nikafurahi kumwona.

Sasa ilikuwa zamu ya malaika. Ndipo walipaswa kuokota wimbo wao wa kwanza, na wanaouanza ni alto, na alto ni Syokau. Niliinua fimbo nikamtazama. Kwaya yote ilimtazama. Alikuwa bado ameketi pale chini, miguu mbele, mdomo umefunguka kuanza, na kilichotoka hakikuwa noti. Kilikuwa kilio, kikavu kwanza, kisha kikamjaa, kikampindisha, kile kitambaa kikamwangukia mabegani. "Kyengo wakwa, Kyengo wangu," alisema. "Mjukuu wangu. Woi, Kyengo wakwa." Mazishi yote yale, na ya mjukuu wake yakiwemo, sikuwahi kumwona mwanamke huyu akitoa chozi. Siku zote alikuwa anaimba.

Njau alivuta pumzi kujaza pengo. Nilimkazia macho akaimeza. Jeconia aliendelea kuikalia mikono yake. Nami, niliyeandika kila noti ya opera ile na kujua ni wapi kila mtu anaingia, niliishusha fimbo nikaiweka sakafuni.

Mbula alijisogeza karibu na mama yake, bega kwa bega, asimshike mkono, asimwambie nyamaza. Akangoja Syokau amalize.